Android: rekodi za mzani wa zabibu zinajirudia kwenye seva, nyingine hazifiki

Hombolo_dev aliuliza:

Mbukwenyi wakuu. Naomba macho ya wazoefu wa Android.

Nina programu ya Kotlin ya makarani wa ushirika wanaopokea zabibu mzanini, upande wa Hombolo na Mpunguzi, Dodoma. Karani anachagua mkulima, anaandika kilo na idadi ya kreti, anapiga picha namba za mzani, anabonyeza Hifadhi. Simu ni za bei ya chini, RAM 2 GB, Android 10 hadi 13. Mtandao ni wa kubahatisha; karani anaweza kushinda shambani bila mtandao na kuupata jioni akitokea barabarani.

Rekodi inaingia Room (hifadhidata ya ndani ya simu), kisha kuna Service (huduma inayofanya kazi nyuma ya skrini) yenye Timer inayojaribu kutuma kila dakika 5 kwa OkHttp (maktaba ya kutuma maombi ya mtandao). Kinachonisumbua ni hiki:

Simu ikikaa mfukoni skrini imezimwa, hakuna kinachotumwa mpaka karani afungue programu. Zikitumwa, baadhi zinaingia mara mbili au tatu, mkulima aliyeleta kreti 6 anasomeka ameleta 12, na hapo ni hela za watu. Halafu kuna simu ambazo ukishapiga picha ukarudi, unakuta fomu tupu, kilo zimefutika. Mara nyingine programu inajifunga yenyewe.

Mavuno ya pili ya mwaka ni Agosti, nataka iwe imetulia kabla ya hapo. Pia nafikiria kuuweka msimbo wazi ili vyama vingine vya ushirika vinufaike. Niigawe kwa njia gani?

---

fundi_wa_nkuhungu alijibu:

Tuanze na la kujirudia, maana ndilo lenye hela.

Fuata safari ya ombi moja. Simu inatuma, seva inapokea na kuandika, inajibu "sawa", jibu linapotelea njiani. OkHttp usipoigusa inasubiri sekunde 10 tu, zikipita inarusha `SocketTimeoutException`. Programu yako inatafsiri kuwa imeshindwa, inatuma tena. Ukiongeza muda hadi sekunde 60 utapunguza tatizo, hutalimaliza, kwa sababu simu haina namna ya kujua kama ombi lilifika au halikufika.

Kitambulisho cha rekodi kizaliwe kwenye simu, si kwenye seva. Karani anapobonyeza Hifadhi, tengeneza `UUID.randomUUID()` (kitambulisho cha nasibu kisichojirudia), kiwe ndicho ufunguo mkuu wa jedwali lako la Room na ndicho hicho hicho kiende kwenye seva. Kama seva ni PostgreSQL, andika kwa `INSERT ... ON CONFLICT (id) DO NOTHING`. Rekodi ikija mara kumi, inakaa moja.

Kisha seva irudishe orodha ya vitambulisho ilivyonavyo, pamoja na vile ilivyokuwa navyo tangu jana. Simu iweke alama ya "imetumwa" kwa vilivyomo kwenye orodha hiyo tu. Usiridhike na 200 (namba ya jibu la "sawa" la seva) peke yake: fungu la rekodi 50 linaweza kuwa na mbili zilizokataliwa, na ukizifuta simuni kwa sababu ya 200, zimekwenda.

Timer iondoe kabisa. Tangu Android 6.0 simu ikitulia skrini imezimwa inaingia Doze (usingizi wa kuokoa betri) na mtandao wa programu unakatwa. Tangu 8.0 Service ya nyuma inasimamishwa dakika chache baada ya programu kutoka kwenye skrini. Hiyo kazi ni ya WorkManager (maktaba ya Android ya kazi za nyuma):

```
val kazi = OneTimeWorkRequestBuilder<TumaRekodi>()
    .setConstraints(Constraints.Builder()
        .setRequiredNetworkType(NetworkType.CONNECTED)
        .build())
    .setBackoffCriteria(
        BackoffPolicy.EXPONENTIAL, 30, TimeUnit.SECONDS)
    .build()

WorkManager.getInstance(ctx)
    .enqueueUniqueWork("tuma", ExistingWorkPolicy.KEEP, kazi)
```

Iite kila rekodi inapohifadhiwa na kila programu inapofunguliwa. Jina "tuma" linazuia kazi tano kutuma rekodi zile zile kwa pamoja. Ongeza na kazi ya kujirudia kila baada ya muda kama akiba, ila usiandike dakika 5: kiwango cha chini ni dakika 15, ukiweka chini ya hapo inapandishwa bila kukuuliza.

---

Ihumwa88 alijibu:

Naungana na fundi, isipokuwa hiyo KEEP ina mtego. Subira ya EXPONENTIAL inajizidisha: sekunde 30, dakika 1, 2, 4, inaendelea hadi kikomo cha saa 5. Mtandao wa kijiti kimoja unahesabika kuwa upo, kwa hiyo kazi inaanza, inashindwa, subira inarefuka. Jioni karani kafika mjini, mtandao safi, kazi bado imelala kwenye subira yake. Anabonyeza "Tuma sasa", nawe umeweka KEEP: WorkManager inaona kazi ya jina hilo ipo, inaitupa mpya. Kitufe kinabonyezwa na hakuna kinachotokea.

Kwa kitufe na kwa kufungua programu tumia `ExistingWorkPolicy.REPLACE`, inayoondoa kazi ya zamani na kuweka mpya. Ikiikata kazi iliyo katikati ya kutuma haina madhara, kwa kuwa UUID zinalinda seva. KEEP ibaki kwenye Hifadhi tu, na ndani ya TumaRekodi zungusha: soma rekodi 50 ambazo hazijatumwa, tuma, soma tena, hadi zisibaki. Bila hivyo rekodi iliyohifadhiwa kazi ikiwa inaendelea itasubiri zamu nyingine. Jihadhari tu na rekodi iliyokataliwa, mfano mkulima hayupo kwenye orodha ya seva: ipe alama yake na uitoe foleni, la sivyo utaizungusha milele na bando la karani liishie hapo.

Jambo lingine halimo kwenye nyaraka za Android. Simu nyingi za bei ya chini zina kitunza betri cha mtengenezaji. Mtumiaji akifagia programu kwenye orodha ya zilizofunguliwa, baadhi ya simu zinaichukulia kama imelazimishwa kusimama, na kazi zote za nyuma zinakufa mpaka afungue mwenyewe. Huwezi kulishinda kwa msimbo. Waelekeze makarani waondoe kizuizi cha betri kwa programu yako kwenye Mipangilio, na juu kabisa ya skrini ya kwanza andika kwa herufi kubwa: "Rekodi 14 hazijatumwa". Hiyo namba inasaidia kuliko taarifa yoyote ya arifa.

Kujaribu Doze bila kusubiri, kwenye kompyuta iliyounganishwa na simu (ya kwanza inailazimisha, ya pili inaiondoa):

```
adb shell dumpsys deviceidle force-idle
adb shell dumpsys deviceidle unforce
```

---

dada_kizota alijibu:

Mimi nakamata picha. Kujifunga na fomu tupu ni magonjwa mawili.

Kujifunga ni hesabu tu. Picha ya megapikseli 12 ni 4000 × 3000, kila pikseli baiti 4, jumla MB 48 za kumbukumbu kwa picha moja, hata kama faili lenyewe ni MB 3. Simu ya GB 2 haikupi nafasi hiyo kirahisi, ndiyo maana unaona `OutOfMemoryError`. Usiifungue nzima. Weka `inSampleSize = 4` kwenye BitmapFactory.Options, inashuka hadi 1000 × 750, MB 3. Ihifadhi upya JPEG ubora 70. Namba za mzani zinasomeka vizuri na kwa kawaida faili linakuwa chini ya KB 200. Kabla ya kuihifadhi soma mwelekeo kwa ExifInterface, vinginevyo picha zitalala ubavu.

Picha itume kwa kazi yake yenyewe, baada ya rekodi kufika. Kilo ndizo zinazomlipa mkulima, zisichelewe kwa ajili ya picha.

Fomu tupu: kamera ni programu nyingine na ni nzito. Ikifunguka, mfumo unatafuta RAM na kuua mchakato wa programu yako iliyo nyuma. Ukirudi, Android inajenga skrini upya, ila ViewModel (kinachoshikilia data ya skrini) ni mpya na haina kitu. `SavedStateHandle` (hifadhi ndogo inayobaki mchakato ukiuawa) inatosha kwa namba mbili tatu, lakini kwa fomu ya hela ningeandika rasimu kwenye Room kabla ya kufungua kamera: safu mlalo yenye UUID, hali "rasimu", kilo, kreti na njia ya faili la picha. Kinachobaki kwenye kumbukumbu ni UUID tu.

Kulijaribu: jaza fomu, fungua kamera, kisha kwenye kompyuta andika `adb shell am kill` na jina la kifurushi chako, halafu piga picha urudi. Ile "Usihifadhi shughuli" ya mipangilio ya wasanidi haitoshi, kwa sababu inabomoa skrini na kuuacha mchakato hai.

---

Hombolo_dev:

Dada nimejaribu am kill, fomu tupu kila mara, mara kumi kwa kumi. Kwa rasimu imekaa sawa. Asanteni sana.

Nyongeza: wakulima wanalalamikia muda kwenye stakabadhi. Nimeandika "Saa 13:10" lakini wanasema hawaelewi. Nikaweka "7:10 PM" nikidhani nasaidia, ikawa balaa zaidi.

---

dada_kizota:

Lazima iwe balaa, 7:10 PM kwa saa za kizungu ni saa moja usiku! Kuweka lugha ya simu kuwa Kiswahili hakubadilishi saa, hiyo unaiandika mwenyewe: `val s = (saa + 6) % 12`, ikitoka 0 andika 12, kisha ongeza asubuhi, mchana, jioni au usiku. Basi 13:10 inakuwa "saa 7:10 mchana" na 06:00 inakuwa "saa 12:00 asubuhi". Kwenye hifadhidata weka milisekunde za UTC tu. Kubadili kufanyike wakati wa kuonyesha.

Na kilo umeziwekaje? Kama ni Float (namba ya desimali ya makadirio), zitoe. Hifadhi gramu kama namba kamili: 23.7 iwe 23700. Ukijumlisha desimali za Float msimu mzima, jumla ya simu na ya daftari la ushirika zitaachana kwa vijigramu na utaitwa kwenye kikao. Pia pokea mkato na nukta zote kwenye kilo, maana simu iliyowekwa Kifaransa inaandika 23,7 na `toDouble()` itaikataa.

Kwa jua la Dodoma acha ile mandhari nyeusi: maandishi meusi juu ya nyeupe, vitufe visipungue dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa kwenye skrini), mimi ningeweka 64 kwa mtu mwenye sukari ya zabibu vidoleni.

---

fundi_wa_nkuhungu:

Kuhusu kuigawa. Play Store ni dola 25 mara moja, na akaunti mpya ya mtu binafsi inatakiwa iwe na wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuiweka hadharani. Makarani wenyewe wanaweza kuwa hao 12, ila anza Juni, usingoje Julai.

F-Droid (duka la programu za msimbo wazi) inafaa, lakini inajenga programu yenyewe kutoka kwenye chanzo na haikubali Firebase wala huduma za Google Play ndani yake. Kama unachukua mahali kwa FusedLocationProviderClient ya Google Play, badilisha uweke LocationManager ya Android yenyewe. Leseni iweke mwanzoni, Apache 2.0 au GPLv3 zote zinakubalika. Kabla ya kufungua hazina ya msimbo, angalia historia yote ya git (kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo), si faili za leo tu: nenosiri la seva lililofutwa mwaka jana bado limo. Majina na namba za simu za wakulima za majaribio nazo zisiwemo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazigusa.

Ukigawa APK (faili la kusakinisha programu) mkononi, isaini kwa faili moja la saini daima. Saini ya majaribio (debug) hutengenezwa kila kompyuta na yake, ndiyo maana APK ya laptopu nyingine inagoma kukaa juu ya ya zamani kwa `INSTALL_FAILED_UPDATE_INCOMPATIBLE`. Karani atafuta ya zamani ili aweke mpya, na rekodi ambazo hazijatumwa zitafutika nayo. Weka nakala mbili za faili hilo, sehemu mbili tofauti.

Na ukiongeza safu wima ya hali ya "rasimu" Room itadai Migration (maelekezo ya kubadili jedwali bila kupoteza data). Usije ukaikwepa kwa `fallbackToDestructiveMigration()`. Inajenga jedwali upya likiwa tupu, na zile "Rekodi 14 hazijatumwa" zitasomeka sifuri.