Maji yalikuwa ya kijani na mkunga hakumfyonza mtoto. Je, ni uzembe?

Mama Furaha, Kadutu (Bukavu):
Wapendwa, habari za jioni. Nimejifungua Jumanne alfajiri, msichana, kilo 3 na gramu 400. Nilikuwa nimepitisha siku 9 juu ya tarehe niliyopewa. Chupa ilipopasuka maji yakatoka kijani, kama maji ya sombe. Mama mkwe alipoona kitenge changu akashika kichwa. Mtoto akatoka analia kwa nguvu. Mkunga akamfuta, akamlaza kifuani mwangu, basi. Hakuna mpira puani wa kumfyonza ute, hakuna mashine. Mtoto wangu wa kwanza, mwaka 2012, naye alikuja na maji ya hivi, na walimfyonza mabega yakiwa bado ndani. Sasa mama mkwe anasema mkunga wa safari hii amezembea, na ule uchafu umetokana na udongo niliokuwa nakula. Kucha za mtoto bado zina ukijani. Tangu jana silali, nakodolea kifua chake tu.

Mkunga wa Ibanda:
Hongera mama, na pole kwa hayo maneno. Mkunga wako amefanya sawa kabisa. Mimi pia nilifyonza miaka mingi, ndivyo tulivyofundishwa. Mwaka 2004 ulitoka utafiti wa Argentina na Marekani, watoto zaidi ya 2,500: nusu walifyonzwa kabla ya mabega kutoka, nusu hawakufyonzwa. Matatizo ya mapafu yakawa sawasawa. Mtoto anayelia ukimsukumia mpira kooni unaweza kumshusha mapigo ya moyo bure.

Kuhusu udongo: ule ukijani ni choo cha kwanza cha mtoto, mekonio, kilichotokana na alivyomeza tumboni mwako, yaani maji yenyewe, ute, vinyweleo. Chakula chako hakimo. (Udongo uache, lakini kwa ajili ya damu na minyoo.) Katika watoto mia, kumi au zaidi huja hivyo, hasa mimba ikipita tarehe, kwa kuwa utumbo umekomaa. Wengine wamekosa hewa tumboni, ndiyo maana tukiona maji hayo tunasikiliza moyo wa mtoto mara kwa mara. Rangi ya kucha itaisha yenyewe.

Acha kukodoa. Akilala, mhesabie pumzi dakika nzima kwa saa ya simu. Zikifika 60 au zaidi, au mbavu zikibonyea ndani, au anaguna, anakataa ziwa, anakuwa wa moto au wa baridi, usingoje asubuhi.

Baba Ushindi, Bagira:
Wa kwetu hakulia. Nilikuwa mlangoni, nikasikia kimya. Mkunga alimkausha haraka, akamsugua mgongo, akatoa ute mzito uliojaa mdomoni, kisha akamwekea maska na kubonyeza ambu, ule mfuko wa kumpulizia hewa. Alianza kupumua kabla hata ya kuitwa daktari, ila kwa kuguna, pua zikipanuka. Alikaa kwenye oksijeni siku nne. Leo yuko darasa la tatu, na ni mbishi. Ninachowaomba wenzangu: mkienda kuandikisha materniti, ulizeni kama ambu ya mtoto mchanga iko palepale chumba cha kuzalia. Siyo kwenye kabati lenye kufuli.

Mkunga wa Ibanda:
Baba Ushindi, hapo kwenye kabati umenigusa. Asiyepumua anatakiwa kuanza kupewa hewa ndani ya dakika ya kwanza. Ukitafuta ufunguo dakika imeisha. Tangu 2015 miongozo inasema hivyo hata kwa mtoto aliyelegea kwenye maji ya kijani: usipoteze muda kwa kufyonza koo la ndani kama desturi, mpe hewa.

Mama Furaha, Kadutu (Bukavu):
Nimehesabu mara mbili akiwa amelala: 46, halafu 44. Mbavu hazibonyei, na amenyonya pande zote mbili. Sasa mama mkwe amechukua simu, anahesabu ya tatu mwenyewe.