Mafaili ya mzani yanajipanga hovyo, Januari 2024 inatangulia Oktoba 2023

Wakuu naomba msaada. Niko Tandahimba, nasaidia chama cha msingi kutunza rekodi za mzani wa korosho, kila siku ya kupokea tunatoa faili moja. Nimeandika skripti ya Python iyasome kwa mfuatano ijumlishe kilo za kila mkulima toka msimu uanze, nimetumia sorted(), ile ya kupanga orodha, ila yanakuja hivi:

mzani_02-01-2024.csv
mzani_05-11-2023.csv
mzani_13-10-2023.csv
mzani_20-10-2023.csv

Jana kuna mzee kasimama mezani kwangu anataka aone mzigo wake ulivyopanda siku hadi siku, namtolea karatasi inaanzia mwaka mpya. Imeniuma kweli. Nimekosea wapi?

Jibu 1
sorted() haijui kama hiyo ni tarehe mkuu, yenyewe inaona maandishi tu, inalinganisha herufi moja moja toka kushoto, ikikuta 0 huku na 1 kule imeshaamua, mwaka uko mwishoni hata haiufikii. Geuza jina liwe tarehe kwanza:

from datetime import datetime
import glob

def tarehe(f):
    return datetime.strptime(f, "mzani_%d-%m-%Y.csv")

for f in sorted(glob.glob("mzani_*.csv"), key=tarehe):
    print(f)

Y iwe kubwa, ile ndogo ni ya mwaka wa tarakimu mbili.

Jibu 2
Si upange tu kwa os.path.getmtime, yaani muda faili liliposeviwa mara ya mwisho, mstari mmoja umemaliza.

Jibu 3
Hapana ndugu, usimpeleke huko. Mimi hapa Lindi yalinikuta, ukifungua faili la Oktoba ukarekebisha kilo moja ukasevu, muda wake unakuwa wa leo, linahamia mwisho. Amini jina. Na kuanzia sasa andikeni 2023-10-13, mwaka mwezi siku, ndo mtindo wa ISO 8601, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe, hapo sorted() tupu inatosha. Ila sifuri msiziache, mkichanganya 2023-1-5 na hizo nyingine mnarudi kulekule.

Muuliza
Imekubali! Mwanzo iligoma ikaleta ValueError, yaani jina halikulingana na muundo wa tarehe, kumbe kuna mzani_20-10-2023 (1).csv, limepakuliwa mara mbili, nimeyafungua yote mawili nikalinganisha mstari kwa mstari ni lilelile. Yani kilo za siku ile zingehesabiwa mara mbili kwa watu wote. Nimelifuta. Asanteni sana, naprinti sasa hivi, mzee kasema atapita saa nane.