Naandaa mashua kushuka Mafia, Kilwa hadi Mikindani: hela nianzie wapi?

Mpwani_Mbezi

Wakuu, heshima zenu. Nina mashua ya mbao, futi 28, niliinunua kwa mzee mmoja pale Kunduchi. Imelala juu ya mchanga tangu masika. Tanga moja la turubai, foromali (mti unaobeba tanga) ina ufa karibu na katikati, mashine haina. Nataka Kaskazi ikishatulia, Januari hivi, nishuke nayo kisiwa cha Kwale, Mafia, Kilwa, nimalizie Mikindani, kisha Kusi inirudishe nyumbani. Tutakuwa wanne, mmoja ni binamu yangu wa Jibondo, huyo baharini ndiko kwao.

Bajeti ni milioni tano na haiongezeki. Shemeji anasema nianze na mashine ya mtumba na sola. Fundi wa pale ufukweni anasema rangi tu inatosha, mashua nzima. Mnaojua vyombo mnasemaje?

Chumvi_Kali

Rangi tu? Huyo fundi ana harusi wikiendi hii.

Mzee wa Tezi

Kijana, mashine iache kwanza. Mashua inayovuja ukiifunga mashine inazama huku inanguruma.

Anza chini. Chukua bisibisi nyembamba, lala ubavuni mwa mashua, uchomechome mkuku, ule mti wa chini unaobeba mashua, na mbao zinazopakana nao. Ikizama bila kusukuma, pameliwa na wadudu, ubao huo utoke. Halafu ingia ndani utazame mataruma, yaani mbavu za mashua, hasa kwenye ngama, pale chini maji yanapokusanyika. Umesema imekaa tangu masika, je, ilifunikwa? Maji ya mvua ndiyo huozesha mbao, ya chumvi yana nafuu. Mimi nikikuta ngama ina maji matamu, huwa sitazami rangi tena.

Kalafati, yaani pamba ya kuziba nafasi za mbao: ya zamani itolewe yote, fundi asikuongezee mpya juu ya iliyooza. Mpya ilowekwe sifa (mafuta ya papa), ukiikosa mafuta ya nazi yanafaa. Na asishindilie kama anajaza godoro. Mbao zimekauka, zikirudi majini zitavimba. Ukijaza kupita kiasi ubao unasukuma mwenzake na misumari inaachia kwenye mataruma. Siku chache kabla ya kazi uimwagie maji ya bahari na kuifunika magunia mabichi. Ikishakalafatiwa, chini paka deheni, ile ya mafuta na chokaa. Hapo rangi sasa, juu ya mstari wa maji, hata uandike jina la mama watoto.

Usukani uuteremshe ukague vyuma vyake, watu wengi huutazama ukiwa umening'inia tu. Msumari wa shaba usikae jirani na wa chuma, kwenye maji ya chumvi ule wa chuma utaliwa. Misumari nunua Gerezani, iliyopakwa zinki, na kila kichwa kizungushiwe pamba yenye mafuta kabla hakijazama.

Kisha tanga. Hilo la turubai litakufikisha Mbudya. Shonesha jipya, na la pili dogo. Tanga letu halipunguzwi kama la yoti za Msasani. Upepo ukizidi unashusha kubwa, unapandisha dogo, na kama dogo hulina basi una dua tu. Jarari, kamba ya kupandishia tanga, iwe mpya, ya poliesta. Nailoni inavutika, utashangaa foromali inateremka yenyewe.

Farumi, uzito wa kuituliza mashua, usimwage mchanga mtupu, utaziba pampu siku unayoihitaji. Tia kwenye magunia, yashonwe, uyafunge yasihame.

BintiChole

Mzee kamaliza chombo, mimi niongezee njia. Kaka, mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Msimu wa Kaskazi hupungua nguvu tu, haugeuki. Upepo utakupeleka kusini, maji yatakurudisha, na vikikabana bahari inakuwa na mawimbi mafupi ya kusimama. Ndiyo maana mtu anahesabu kufika Kwale mchana anafika usiku. Usiku usitembee huko: ukishapita Ras Kimbiji mpaka delta ya Rufiji ni mafungu ya mchanga na miamba, na maji ya mto yakichanganyika huoni chini. Ghuba ya Chole ingia na maji yanayojaa. Pale Kinasi, mlango wa ghuba, yakitoka yanatoka kwa kasi, tanga halifui dafu. Ghuba iko ndani ya Hifadhi ya Bahari, weka na hela ya kiingilio.

Usikawie kusini hadi Aprili na Mei kwa kusubiri Kusi bila kufuatilia utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kimbunga Kenneth kilipiga Msumbiji, jirani na Mtwara, Aprili 2019, na kimbunga Hidaya kilitufikia Mafia Mei 2024.

TASAC, wale wa serikali wanaosimamia usalama wa vyombo, waje waikague mashua kabla hujaiteremsha, si baada. Laifu jaketi nne zinazowatosha, redio ya VHF ya mkononi, muijue chaneli 16 ya dharura wote wanne. Maji ya kunywa gawa kwenye madumu mengi. Moja likitoboka mnabaki na mengine.

Mpwani_Mbezi

Mzee wa Tezi na dada BintiChole, asanteni sana. Haikufunikwa, na ndani kuna maji. Kesho naenda na bisibisi. Shemeji nimemwambia mashine mwakani, kanuna. Swali la foromali: mti mzima wa mkoko wa urefu ule niliotajiwa bei yake unakula tanga dogo lote. Naweza kuufunga ufa kwa kamba na bati?

Mzee wa Tezi

Bati hapana. Lakini nani kakwambia ununue nzima? Foromali nyingi ni vipande viwili vimepishanishwa. Toa kipande chenye ufa, tafuta mti wa nusu ile tu, upishanishe kwa urefu wa kutosha, wafunge watu wawili huku kamba imelowa. Mkoko ununue penye kibali cha TFS, wakala wa misitu, na uchukue risiti, barabarani wataiuliza.

Kuteremsha, ngoja bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Hapa Dar bamvua maji hujaa alfajiri, na saa nne, saa tano yametoka. Isukume alfajiri, ifunge palepale jirani, mbao zinywe maji. Itavuja siku ya kwanza, usipige kelele, kumba maji tu. Ikiendelea kuvuja baada ya mbao kuvimba, bamvua hiyohiyo itakukalisha mchangani uone panapotoka maji.

Picha za mkuku tupia hapa ukishachoma.