MREJESHO: Wikiendi ya mapumziko Mwanza

Niliuliza mahali pa kutuliza akili Mwanza, Ijumaa hadi Jumapili, nikiwa na mama na watoto. Asanteni sana mlionijibu, wakuu. Huu ndio mrejesho, mwingine umfae.

Saanane, kile kisiwa cha hifadhi ndani ya Ziwa Victoria, ni ya asubuhi. Boti zinaondokea Capri Point na safari ni ya dakika chache tu, ila mchana upepo ukipanda ziwa linachafuka na mama mwenye umri atasumbuka kupanda na kushuka. Beba kitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni si sawa. Kisiwani kuna swala pala na pimbi, na njia ni za mawe: viatu vyenye soli ya kushika, ndala hapana.

Kuogelea ziwani niliwakatalia watoto kabisa. Konokono wa kichocho hukaa maji tulivu yenye majani, palepale pembeni panapoonekana salama.

Waliosema soko la samaki la Mwaloni Kirumba kwa dagaa wamenena kweli. Usinunue kwa macho. Sugua konzi moja viganjani: zilizoanikwa mchangani zitaacha chembechembe, na hizo hata ukiosha mara tatu zitakwaruza meno. Za kwenye vichanja bei iko juu kidogo, lipa tu. Sato mbichi fungua mashavu. Yawe mekundu, siyo kahawia.

Jumapili Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Panda magari ya Kisesa, kisha bodaboda. Ngoma zile za watemi (machifu wa Kisukuma) ziangalieni bila haraka.