Ziwa Nyasa au Ziwa Malawi: kwani jina ndo mpaka?

Wakuu salaam. Kila ikitokea ramani imeandikwa Ziwa Malawi kwenye hili Ziwa Nyasa tunalopakana na Malawi na Msumbiji, wabongo tunawaka, ooh jina limeibiwa, ooh ndo janja ya kutupora maji. Mi naona tunapigana na kivuli, ngoja nieleze alafu mnishukie.

Nyasa kwa Kiyao ni ziwa tu, maji mengi, basi. Livingstone kafika Septemba 1859, kasikia nyasa, kaandika Ziwa Nyasa, yani ziwa ziwa. Wachewa wanasema nyanja, kule kwenye ziwa la Mwanza ni nyanza, neno ni lilelile linabadilika mdomoni tu. Hata lugha yao Wamalawi ya Chinyanja ni lugha ya watu wa ziwa, sasa hapo nani kamuibia nani?

Kilichotokea ni kwamba Mwingereza mwaka 1907 akaipa koloni lake jina la Nyasaland, uhuru ulivyokuja 1964 kiongozi wao Banda akalitupa akachukua Malawi, linalotokana na Maravi, dola ya zamani ya kulekule, na ziwa likabebwa humohumo. Kwao Nyasa ilikuwa inanuka ukoloni. Kwetu halikuwahi kuwa jina la koloni, ndo maana tumebaki nalo na tuna wilaya kabisa inaitwa Nyasa, makao yake Mbamba Bay.

Sasa cheki Msumbiji. Wanaliita Niassa, wana na jimbo la jina hilo, na mpaka wao na Malawi umepita katikati ya ziwa. Jina ndo limewapa nusu? Wapi! Ni mkataba wa Mreno na Mwingereza wa 1954.

— Mkuu unarahisisha mno. Jina lina nguvu bana. Dunia nzima ikishazoea Ziwa Malawi, siku ya kesi nani atakuelewa ukisema na wewe una lako humo? Mi nasema tukomae na Nyasa kila mahali, Kiswahili, Kiingereza, mpaka Kichina.

— Basi Ziwa Tanganyika lote letu, tuwafukuze Wakongo, na wao wana kipande kikubwa tu humo. Na Bahari ya Hindi tumrudishie Mhindi 😂

— Mtu wa Kyela hapa. Mnabishana majina wakati shida iko kwenye karatasi ya 1890, Mjerumani na Mwingereza waligawana wakasema mpaka ufuate ufukwe wa upande wetu. Yani kwa hesabu za Malawi, mvuvi wa Matema akisukuma mtumbwi, miguu ikilowa tu kashatoka nchini bila paspoti. Sisi tunasema mpaka uwe katikati, Nyerere alishaliamsha tangu 1967, wao wanashika azimio la OAU, umoja wa nchi za Afrika wa enzi hizo, la Cairo 1964 kwamba mipaka ya mkoloni isiguswe. Hapo ndo pa kukomalia, sio atlasi.

— Asante wa Kyela, ndo nilichokuwa nazunguka nacho. Ukimwambia Mmalawi "jina lenu feki" anakasirika, mnaishia kutukanana na mpaka haujasogea hata inchi.

— Kwa hiyo unataka vitabu vya shule viandike yote mawili?

— Hapana. Kwa Kiswahili ni Nyasa, hatuombi ruhusa, mbona tunasema Misri na Ugiriki na wenyewe hatujawauliza. Ila mtoto afundishwe kwamba jirani anaitaje, asije akaiona kwenye ramani akadhani ni ziwa jingine, maana nimeshakutana na mtu mzima na digirii yake anaamini ni maziwa mawili tofauti. Na kwenye makaratasi ya mazungumzo ya mpaka yaandikwe yote mawili kwa mkwaju, Nyasa/Malawi, isije upande mmoja ukagoma kusaini kisa kichwa cha barua.