Pesa za utafiti wa ugonjwa adimu: tuanzie wapi?

Swali: Tuko familia nne, ugonjwa mmoja. Tuanze harambee mtandaoni au tutafute mtafiti kwanza?

Jibu 1: Mtafiti kwanza. Mwombeni andiko la kurasa mbili: swali moja, muda, bajeti. “Changia utafiti” haimgusi mtu. “Panya wenye kasoro ya jeni hii, miezi 12” watu wanaielewa.

Jibu 2: Kabla ya kusaini mkataba na chuo cha mtafiti, ulizeni makato ya uendeshaji, yaani sehemu ya mchango ambayo chuo hubaki nayo kwa gharama zake. Vyuo vingi huyapunguza kwa pesa za hisani, ila usipouliza, kimya! Lipeni kwa awamu, ripoti mkononi.

Jibu 3: Akaunti iwe ya chama kilichosajiliwa, sahihi mbili. Tengeni pia fungu la rejista ya wagonjwa, yaani orodha ya wenye ugonjwa huo na taarifa zao. Bila hiyo ni vigumu majaribio ya dawa kupata washiriki.