Naomba ushauri: nipande chai ya zambarau au 6/8?

Wakulima wenzangu, hamjambo. Nina ekari moja na nusu ya majani chai huku Nandi, karibu yote ni ya mbegu, aliyoipanda marehemu baba. Hakuna mche unaofanana na mwenzake: mmoja una majani mapana na unachipua upesi, wa pembeni una vijani vidogo na unadumaa jua likizidi. Nataka kung'oa nusu ekari nipande kloni, yaani miche ya vipandikizi vya mti mmoja, inayofanana yote.

Moyo wangu uko kwa TRFK 306 (TRFK ni taasisi ya utafiti wa chai Kenya), ile ya zambarau iliyotolewa mwaka 2011, yenye anthosayanini nyingi, ile rangi ya asili inayolipa jani uzambarau. Lakini kituo chetu hununua majani yote kwa bei moja, na yakichanganywa na ya kijani kazi yangu imepotea. TRFK 6/8, kloni ya majani ya kijani, inasifika kwa ubora wa chai nyeusi. Najua pia kloni ileile hubadilika mavuno na kemikali za jani ikipandwa mwinuko tofauti, ndiyo maana sitaki kuiga ya Kericho tu.

Mliopanda 306 Nandi, mnauzia nani? Imestahimilije kiangazi? Nataka kuagiza miche kabla ya mvua za Machi.